Ghala Lililolipa Mara Mbili

Sogeeni karibu, watu wa Bungoma, na nyinyi wa Kitale mnaosema jambo hili si lenu, maana ni lenu pia. Nitawasimulia habari za nyumba moja ya Kanduyi ambayo haikuingiwa na pombe wala haikuvunjwa na wezi. Iliharibiwa na mchezo wa kompyuta. Najua wengine mmeshaanza kutabasamu. Tabasamuni mmalize, kisha mnisikilize.

Nyumba hiyo ni ya mzee Makokha na mkewe Edinah. Walijaliwa watoto wawili, Ivy Nasambu na mdogo wake Wakoli, waliopishana miaka mitatu. Mzee alipoacha kazi kiwandani Webuye alirudi na kompyuta kuukuu ya ofisi, na watoto wake wakakulia mbele ya kompyuta hiyo. Jumamosi alasiri, Edinah akitoka sokoni, angewakuta watatu wamejibana kwenye kochi moja, mzee katikati, watoto wakipokezana kipanya mapajani mwake. Mzee hakujua kucheza. Kazi yake ilikuwa kuuliza kilima kile ni cha nani, na wale watu wadogo wanakata miti ya nini, naye Ivy angemweleza kwa subira kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuulizwa. Edinah angewaambia macho yao yataungua, kisha naye angesimama nyuma ya kochi na kikombe chake cha chai, akitazama.

Mchezo wenyewe uliitwa Mabonde. Kila mchezaji hupewa kilima, wafanyakazi kumi na msitu wake. Anakata mbao, analima, anajenga maghala na minara, anafunza askari. Anayeteka kilima cha mwenzake ameshinda. Mechi nzuri huchukua dakika arobaini, na aliyezoea akiangalia dakika kumi za kwanza tu anaweza kukuambia nani ana akili na nani ana pupa. Ivy alikuwa na akili. Wakoli alikuwa na vidole vyepesi ajabu, na pupa.

Walipokuwa wakubwa wakaingia kwenye ligi ya vijana wa Bungoma na Kitale. Bungoma walichezea chumba cha juu ya duka la vifaa vya ujenzi la mzee Jagdish, kwa sababu mwanawe Varun naye alikuwa mchezaji. Kitale walichezea kwa Kiptanui, fundi wa kompyuta ambaye wote walimwita Mwalimu kwa kuwa nusu yao aliwafundisha kupiga chapa. Ligi hiyo ilikuwa na desturi yake, na hapa ndipo ninapowaomba muweke kidole. Bingwa wa msimu ndiye aliyeandika kanuni za msimu unaofuata. Aliziandika kwa mkono wake kwenye karatasi ya manila, akatia sahihi, nakala moja ikabandikwa Bungoma na nyingine Kitale. Desturi ilianza mwaka wa kwanza, walipobishana kuhusu kanuni kutwa nzima hadi mmoja akasema, si tumwachie aliyetupiga wote, yeye ndiye anaujua mchezo. Wakapiga makofi. Hakuna aliyejiuliza mshindi ana haja gani ya kuziba tundu alilopitia yeye mwenyewe.

Mwaka huo ulikuja na habari kubwa. Kambi moja ya mafunzo ya wachezaji ilifunguliwa Nairobi, na ilitaka mtu mmoja tu kutoka kila upande wa nchi. Angefundishwa miaka miwili na kupelekwa kushindana ng'ambo. Kwa upande wetu angekwenda bingwa wa ligi. Sharti lilikuwa umri: mwisho ni miaka ishirini na minne. Ivy alikuwa na hiyo ishirini na minne, na Aprili angeivuka. Alikuwa na diploma yake, alifanya kazi ya kuchapishia watu barua na fomu mjini, na jioni alirudi akiwa amechoka na kazi isiyomuuliza swali lolote. Hiyo nafasi aliitaka kwa namna ambayo hakuthubutu kumwambia mtu.

Mwezi wa Agosti, akifanya mazoezi nyumbani, aliona kitu. Alikuwa akijenga ghala, akabadili nia, akaamuru libomolewe wakati mjenzi bado ameshika nyundo. Mchezo ukamrudishia mbao zake mara mbili. Mara ya kwanza kama mtu aliyeghairi kujenga, mara ya pili kama mtu aliyebomoa ghala zima. Akafikiri macho yamemdanganya. Wakoli alikuwa kando yake akila ndizi. Akaacha kutafuna.

"Rudia hapo, Siz."

Akarudia. Mbao zikaongezeka tena. Wangeweza kuendelea hivyo mpaka mbao zijae skrini, bila kuangusha mti hata mmoja.

Ivy akasema lazima waandikie Mwalimu Kiptanui siku hiyohiyo. Wakoli hakumpinga, na hapo ndipo ujanja wake ulipokuwa. Alimwambia kwa upole kwamba ni kweli, Mwalimu aambiwe, lakini afikirie kwanza. Wakiambiwa sasa watasimamisha msimu hadi wenye mchezo warekebishe hitilafu. Itachukua miezi. Je, Aprili yake itamsubiri? Si afadhali wanyamaze, wacheze kwa haki, Ivy ashinde, kisha waseme? Wakashikana mikono kwamba hakuna atakayeitumia.

Ivy alijiambia kwamba ananyamaza kwa faida ya ligi. Ndugu zangu, tusidanganyane. Alinyamaza kwa faida yake.

Robo fainali, Wakoli akakutana na Wahu wa Kitale, msichana mtulivu ambaye hakuwahi kupoteza mechi kwa haraka. Alimmaliza kwa dakika kumi na mbili. Wahu alibaki ameitazama skrini kama mtu aliyeulizwa njia na akasahau anapoishi. Ivy alizihesabu mbao kwa macho akiwa amesimama nyuma, akajua ni lile ghala.

Nyumbani alimsubiri mdogo wake avue viatu tu. Wakoli hakukana. Alisema kutumia akili si kosa, na kwamba Wahu angeiona angeitumia pia. Sauti zikapanda, wazazi wakatoka chumbani, na Ivy akaeleza yote kuanzia ghala la Agosti. Mzee Makokha alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ivy alimtazama akiwa na matumaini, kwa maana huyu ndiye baba aliyemrudisha siku moja hadi sokoni akiwa mtoto kupeleka chenji iliyozidi.

"Mayi," mzee akasema, yaani mama, kwa kuwa Ivy alibeba jina la nyanya yake aliyemzaa mzee. "Hizo mbao zenyewe ziko wapi? Mtu anaweza kuzishika?"

"Baba, ni mchezo. Lakini nafasi ya Nairobi inashikika."

"Basi mimi nimeshasimama kanisani nikasema watoto wangu wako kwenye nane bora. Wote wawili. Unataka nisimame tena niseme nini?"

Edinah ndiye aliyefunga mjadala. Alisema ya nyumba hii yanaishia kwenye mlango huu, na kwamba atakayemtoa Wakoli kwa watu wa Kitale atakuwa amemtoa yeye, mama yake, na amtafutie soko lingine la kuuzia vitunguu kwa sababu la Bungoma hataweza kupita. Wakoli akala chakula chake. Ivy akala pia. Hilo nalo lilimuuma baadaye, kwamba alikula.

Nusu fainali ikawakutanisha ndugu hao wawili, Bungoma, juu ya duka la Jagdish. Chumba kilijaa hadi ngazini. Mzee Makokha alikuja na suti yake ya Jumapili akapewa kiti cha mbele. Nataka mjue Ivy alichezaje siku hiyo. Aliacha upande wake wa mto wazi kama mtu aliyesahau, Wakoli akaingiza askari wake kwa pupa, naye akawafungia daraja nyuma yao. Watu walipiga mluzi. Dakika ya ishirini, kilima cha Wakoli kilikuwa kimezingirwa pande tatu na Ivy alikuwa na chakula cha kutosha kungoja. Mechi ilikuwa imekwisha. Kila aliyekuwa mle ndani alijua imekwisha.

Ndipo minara ikaanza kuota kwenye kilima cha Wakoli. Mmoja, mitatu, minane, kwenye ardhi isiyokuwa na mti.

Kanuni ya nne kwenye manila ilisema mwenye malalamiko ainue mkono kabla ya kupeana mikono na mwenzake. Ilihitaji mkono mmoja tu. Angeweza pia kufanya alivyofanya Wakoli, kwa sababu yeye ndiye aliyeiona kwanza. Hakufanya hili wala lile. Aligeuka, akamwona baba yake ameegemea mbele na magoti yamegusana, akitazama kilima cha kijana wake. Hakuwa akimuuliza mtu yeyote ni cha nani. Ivy akageuka tena kwenye skrini, akawaangalia askari wake wakianguka, kisha akanyoosha mkono wa kulia.

"Nikifika Nairobi nitakuvuta na wewe," Wakoli akamnong'oneza akiushika.

Fainali ilichezwa Kitale mwezi wa Novemba, Wakoli dhidi ya Kipruto, kijana aliyejipanga mwaka mzima kwa siku hiyo. Ilikwisha kwa dakika tisa. Watu wa Bungoma walikuwa wameshaanza kuimba Mwalimu Kiptanui alipoomba wanyamaze. Hakuwa mtu wa kelele. Alirudisha mechi nyuma kwenye skrini kubwa, akahesabu visiki kwa penseli, polepole, huku watu wakimzomea amalize.

"Msituni kwake kumekatwa miti ya mbao mia tatu," akasema. "Ametumia mbao mia tisa. Mimi naomba tu kuelezwa hizo mia sita zimetoka msitu wa nani."

Wakoli akainuka. Alielekeza kidole ukutani, kwenye manila.

"Mwalimu, nionyeshe kanuni niliyovunja."

Mwalimu aliisoma karatasi ile hadi mwisho. Kanuni hiyo haikuwepo. Hakuna aliyewahi kufikiria kuandika kwamba mbao zitoke kwenye miti. Watu wa Bungoma wakalichukua neno hilo wakaligeuza wimbo, kanuni gani, kanuni gani, wakigonga meza. Walikuwa watu wazima mle, wenye familia, na walimshangilia kwa sababu alikuwa wa kwao na aliyepigwa alikuwa wa Kitale. Kiptanui akauliza tena kama kuna yeyote anayejua jinsi jambo hili linavyofanyika. Macho yake yalipita safu kwa safu hadi yakafika kwa Ivy. Ivy akatazama viatu vyake.

Wakoli akapewa kalamu, kama desturi. Kanuni ya kwanza aliyoiandika ilisema hivi: Lolote ambalo mchezo unaruhusu ni halali.

Msinieleze kwamba hamjawahi kuona kanuni kama hiyo. Tunazo kwenye vyama vyetu vya akina mama, kwenye kamati za maji, kwenye kamati za shule. Mtu anapita mahali pasipo na ukuta, anachaguliwa, kisha anapewa matofali.

Kwa sherehe Wakoli aliwaonyesha marafiki wawili lile ghala. Hao wakawaonyesha wengine. Msimu mpya ulipoanza Januari, hakuna aliyelima tena, hakuna aliyejenga daraja. Watu walikaa, wakajenga na kubomoa ghala kama wendawazimu, na mwenye vidole vyepesi akashinda kwa dakika sita. Wahu aliacha kuja. Kipruto aliuza kompyuta yake akanunua pikipiki. Varun alijaribu kuitisha mkutano wa kubadilisha kanuni, akajibiwa kwamba ngoja ushinde kwanza ndiyo uandike. Kufikia katikati ya Februari mama yake, Savitri, aliona chumba kimekaa wiki tatu bila mtu, akahamishia huko mikebe ya rangi. Hakuna aliyeivunja ligi ile. Watu waliacha tu kupanda ngazi.

Wakoli alikuwa ameshakwenda Nairobi, baada ya kuombewa kanisani na kuacha masomo yake ya chuo cha ufundi katikati ya muhula. Kambi ile ilikuwa na kanuni zake, zilizoandikwa na watu wasiocheza, na moja ilisema wazi kwamba anayeona hitilafu aiseme siku hiyohiyo na asiitumie. Tena wenye mchezo walikuwa wameshaliziba tundu la ghala. Kwa hiyo Wakoli ilimbidi akate miti kama binadamu wengine. Alicheza mechi kumi na mbili za kupimwa akapoteza kumi na moja. Wakashangaa, wakaagiza rekodi za ligi yetu, wakaziona zile mbao mia sita. Walipomuuliza, alitoa picha ya karatasi ya manila simuni mwake akawaonyesha kanuni ya kwanza. Wakamwuliza ni ya tarehe gani na sahihi ni ya nani. Siku ya kumi na tisa alikuwa kwenye basi la kurudi, amejifunika kofia hadi puani, na Edinah alikwenda kumpokea kwa njia za nyuma ili wasipite sokoni.

Hapa wengine mngedhani haki imetendeka na hadithi imekwisha. Bado.

Kambi ilimwandikia Kiptanui kwamba nafasi ya upande wetu iko wazi hadi mwisho wa Machi. Ligi ingeweza kumtaja mchezaji mwingine, mradi atie sahihi fomu kwamba hakuitumia hitilafu ile na wala hakujua habari zake. Mwalimu aliwaita wachache waliobaki wakutane kwake Kitale. Ivy aliitwa, na Wakoli akamsindikiza, ingawa alikataa kuingia, akabaki nje kwenye kibaraza.

Walikuwa sita tu. Varun alisema jina la Ivy kabla hata Kiptanui hajamaliza kusoma barua, na hakuna aliyelipinga. Wote walikumbuka lile daraja. Kiptanui akamsogezea fomu na kalamu. Alikuwa akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Novemba, na akamwambia kwamba laiti watu wangecheza kama yeye, ligi hii ingekuwa hai.

Ivy alisoma ile sentensi. Sikuitumia wala sikujua. Nusu yake ilikuwa kweli. Alikuwa na siku ishirini kabla ya kufikisha miaka ishirini na mitano, na hakuna mtu mle ndani ambaye angejua, isipokuwa mmoja aliyekuwa nje na ambaye asingesema kamwe.

Akaweka kalamu juu ya meza.

"Mwalimu, ni mimi niliyeiona. Agosti. Kabla hata ya robo fainali. Ni mimi niliyemwonyesha."

Wahu, aliyekuwa amekuja kwa heshima ya Mwalimu tu, alimuuliza Ivy kwa sauti ya chini kama alikuwa anajua siku ile yeye alipokuwa akicheza na Wakoli. Ivy alisema ndiyo. Wahu akachukua mkoba wake akatoka.

Kiptanui aliikunja fomu mara nne akaitia mfukoni. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Nilikuuliza," akasema. "Novemba, hapahapa, nilikuangalia machoni nikakuuliza. Ungeinua mkono siku hiyo, Ivy, leo ningekupeleka Nairobi mimi mwenyewe. Sasa nitawaandikia kwamba hatuna mtu."

Nafasi ikapewa watu wa upande mwingine wa nchi. Ligi yetu ikafungiwa miaka miwili, jambo lisilo na maana sana kwa ligi isiyokuwepo. Ivy alipotoka, Wakoli aliinuka kwenye kibaraza na kumwuliza kama ameweka sahihi.

"Sikuweka."

"Kwa nini sasa, Siz? Si walikuwa wanakupa tu?"

Walitembea hadi stendi, Ivy mbele, mdogo wake hatua kadhaa nyuma, na walipofika kila mmoja akakata tiketi yake.

FUNZO

Sikuwaeleza haya ili mkawanyang'anye watoto kompyuta. Mchezo haukumfundisha Wakoli kudanganya. Alifundishwa na makofi yetu.

La kwanza nataka mlichukue hili: aliyeshinda asipewe kalamu ya kuandika kanuni. Kanuni ziandikwe kabla ya mchezo, na watu wasio na cha kupata, na zibaki wazi kurekebishwa siku yoyote tundu likionekana. Na jambo kutoandikwa kwamba ni haramu hakulifanyi kuwa haki. Anayekuuliza amevunja kanuni gani, mara nyingi ameshakujibu.

Nanyi mnaoona tundu mkanyamaza, hata kama hamkupitia humo, msijihesabu wasafi. Ukweli una siku yake. Ivy aliusema, na mimi namheshimu kwa hilo, lakini aliusema ukiwa hauwezi tena kumsaidia mtu yeyote, hata yeye.

Wazazi, nimewaachia nyinyi mwisho. Mnapomwambia mtoto kwamba ya nyumba hii yanaishia mlangoni, mnadhani mnalinda jina. Mzee Makokha alilinda jina lake. Leo ana watoto wawili nyumbani, mmoja aliyeaibika na mmoja aliyenyimwa, nao hawakai tena kwenye kochi moja.